Kosta ya kukodi kwa safari ya wanafunzi, Moshi hadi Hifadhi ya Taifa ya Arusha: dereva anastahili sifa, ofisi bado

Jumamosi moja ya mwezi Septemba niliongoza safari ya mafunzo ya wanafunzi 24 wa kidato cha pili kutoka shule yetu hapa Moshi kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha, nikiwa pamoja na mwalimu mwenzangu wa historia na matroni wa bweni la wasichana. Mimi nafundisha jiografia. Nyumbani nina watoto watatu, na wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi minane, bado ananyonya alfajiri. Baba yao anafanya kazi Dodoma na huja mwisho wa mwezi. Natanguliza habari za nyumbani kwa sababu huduma ya usafiri wa wanafunzi huangaliwa zaidi kwa bei na hali ya gari, na ni mara chache anayeitathmini hutaja kile inachomtaka mama anayesimamia safari, ambaye saa moja ya uzembe wa mtu mwingine huilipa kwa saa ya mtoto wake.

Jina la kampuni sitalitaja. Malalamiko yetu tumeyazungumza ofisini kwao na wamenipa ahadi ambayo nataka kuipa nafasi. Ninayoyaeleza hapa yatamfaa msimamizi yeyote anayekodi Kosta kwa ajili ya watoto wa watu.

Makubaliano yalikuwa ya maandishi, na katika hilo nawapongeza. Tulikodi Kosta ya abiria 29 kwa siku nzima kwa shilingi 450,000, mafuta na posho ya dereva zikiwa ndani, tukatanguliza nusu na kupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Niliomba kuonyeshwa kibali cha kukodiwa cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), bima na cheti cha ukaguzi wa gari, na binti wa mapokezi alinitolea vyote bila kununa. Aliponiuliza kama kuna jambo jingine nililotaka liandikwe, nilimwambia ni mawili: kila kiti kiwe na mkanda unaofunga, na gari liwe getini kwetu saa kumi na mbili kamili asubuhi. Akayaandika kwa mkono chini ya ukurasa, tukatia saini.

Siku ya safari niliamka saa tisa na nusu usiku. Dada anayenisaidia nyumbani alikuwa amekwenda msibani Rombo, hivyo mama mkwe alikuja kutoka Pasua tangu Ijumaa jioni ili akae na wajukuu. Nilipika chapati, nikachemsha mayai, nikapanga sare za wakubwa waliokuwa na kipindi cha Jumamosi, na nilipokuwa natoka, mdogo alikuwa amelala fofofo baada ya kukohoa sehemu kubwa ya usiku. Sikumwamsha kumnyonyesha. Mama mkwe alinisindikiza hadi mlangoni akisema, "Nenda mama, akiamka nitampa uji." Nilipanda bodaboda na saa kumi na moja na dakika arobaini nilikuwa getini shuleni nikiita majina.

Saa kumi na mbili ilipita. Nilipiga simu ofisini nikaambiwa, "Mwalimu, gari liko njiani, dakika kumi tu." Nilipiga tena mara tatu, na mara zote tatu nilipewa zile dakika kumi. Gari lilifika saa moja na dakika kumi, na halikuwa lile tulilokodi. Dereva, mtu mzima wa makamo, alishuka, akatusalimia, akaomba radhi kwa niaba ya ofisi, kisha akatueleza ukweli ambao simu nne hazikuutoa: Kosta tuliyoahidiwa ilikutwa na hitilafu ya breki tangu Ijumaa saa mbili usiku ikapelekwa gereji, na yeye aliamshwa alfajiri hiyo kwenda kuichukua nyingine iliyokuwa Himo.

Hapo ndipo penye lawama yangu kubwa. Gari kuharibika nakuelewa, na kampuni inayokataa kupakia wanafunzi katika gari lenye breki mbovu imefanya jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo. Lakini ofisi iliyajua hayo saa kumi nzima kabla ya safari. Nyumbani kwangu Soweto ni mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda kutoka shuleni. Kama ningeambiwa usiku ule, au hata katika simu ya kwanza ya asubuhi, kwamba gari litafika saa moja na robo, ningemwachia matroni wanafunzi, ningerudi nikamwamsha mwanangu, nikamnyonyesha na kumwangalia kifua chake kwa mwanga wa asubuhi, nikawa nimerejea getini kabla Kosta haijapinda kona. Badala yake nilisimama pale kwa muda wa saa moja na dakika kumi, nikiwa tayari kuondoka wakati wowote kwa ajili ya dakika kumi ambazo hazikuwapo. Saa moja kasorobo mama mkwe alipiga simu kwamba mtoto ameamka na ananitafuta chumba kwa chumba. Sina namna ya kuandika jambo hilo katika fomu ya malalamiko, ndiyo maana naliandika hapa.

La pili ni mikanda. Kabla ya kuruhusu mwanafunzi yeyote kupanda nilikagua kiti kimoja kimoja, na mikanda minne haikufunga. Mmoja ulikuwa umenasa tu chini ya mto wa kiti na dereva aliunasua. Mitatu ilikuwa imevunjika vifungo. Sisi tulikuwa watu 27 katika gari la viti 29, kwa hiyo vikapu vya chakula viliwekwa katika viti viwili, na cha tatu nilikaa mimi. Sikuona njia nyingine ambayo ningeweza kumweleza mzazi wa mwanafunzi. Hata hivyo niliposhika chuma cha kiti cha mbele yangu tulipokuwa tukipishana na malori ya Holili, niliwaza kwamba hata msimamizi wa safari ana watu wanaomsubiri, na mkataba uliosema kila kiti kiwe na mkanda haukumtoa yeye.

Kuhusu dereva nina mengi mazuri. Barabara ya Moshi hadi Usa River haitoi nafasi ya kwenda kwa pupa: Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, vijiji na masoko vinafuatana na kila mahali kuna kibao cha kilomita 50 kwa saa, watoto wanaovuka na bodaboda zinazochomoka pembeni. Tulikuwa tumechelewa, na wanafunzi wa nyuma walianza kumhimiza akanyage mafuta. Aliwajibu kwa upole kwamba muda uliopotea umepotea, na mwendo wake haukubadilika. Msichana mmoja alipochefukwa baada ya Boma Ng'ombe, hakusimama ukingoni mwa lami. Alisogea hadi mahali penye uwanja mpana, akawasha taa za tahadhari, akatoa mifuko na maji aliyokuwa ameweka karibu na usukani. Kila tuliposhuka na kupanda alihesabu wanafunzi kivyake, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe umepata wangapi?" Hatukuondoka mahali popote mpaka hesabu yake na yangu zilipolingana.

Katika lango la Ngongongare yakatokea mengine ya ofisi. Viingilio vya wanafunzi tulikuwa tumekwisha kuvilipia, lakini ada ya gari kuingia hifadhini haikutajwa katika mkataba, nami nilidhani imo katika gharama za kukodi kama nilivyozoea kwa wengine. Ofisi haikupokea simu. Niliilipa kwa simu yangu kutoka katika fedha niliyoitenga kwa ajili ya gesi ya kupikia, na nilirudishiwa Alhamisi iliyofuata baada ya kufuatilia mara tatu. Anayekodi gari kwa safari ya hifadhini aulize jambo hili mapema na alione likiandikwa.

Ndani ya hifadhi huduma ilikuwa ya kuridhisha kabisa. Dereva anaijua njia, na alisimamisha gari Serengeti Ndogo kwa umbali ambao twiga hawakushtuka na wanafunzi wa pande zote mbili waliweza kuona. Kwenye msitu wa Ngurdoto alizima injini bila kuombwa ili watoto wawasikie mbega, na ukimya ule ulinifaa kuliko picha zote za kitabuni. Tulitazama kreta, yaani shimo kubwa la volkano, kutoka ukingoni, maana kushuka chini hakuruhusiwi, kisha tukaelekea maziwa ya Momela. Huko nilifundisha somo nililolitayarisha wiki mbili: kwamba Mlima Meru, ambao leo una mita 4,566, ulibomoka upande wake wa mashariki yapata miaka 8,000 iliyopita, na kifusi kile kikaacha vilima na mabonde ambayo maji yalijikusanya ndani yake yakawa maziwa haya. Ukisimama Momela ukiutazama mlima, pengo lile unaliona kwa macho yako, na sikuhitaji kuchora chochote. Mvulana mmoja, ambaye darasani hukaa kimya muhula mzima, aliuliza kwa nini flamingo wako hapa na hawako katika mto unaopita kwao Machame, na swali hilo likatufikisha kwenye magadi, mwani na chakula chao. Dereva aliyekuwa akisikiliza pembeni alisubiri mpaka tumalize ndipo akanikumbusha saa, kwa sauti ya chini, bila kunikatiza mbele ya wanafunzi.

Saa ndiyo iliyotunyima sehemu ya pili ya ratiba. Tulikusudia kufika Arusha mjini katika Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge, ambako mwenzangu wa historia alitaka wanafunzi waone nyaraka na picha za wakati ule Azimio lilipotangazwa, tarehe 5 Februari 1967. Alikuwa amewapa maswali ya kujibu wakiwa humo ndani. Tulipomaliza Momela muda haukutosha kwenda mjini na kurudi Moshi kabla ya giza kuingia sana, nami nikaamua tugeuze. Mwalimu mwenzangu hakusema neno, lakini nilimwona akizikunja karatasi zake na kuzirudisha kwenye mkoba. Saa moja na dakika kumi za asubuhi ndizo hasa tulizopungukiwa.

Tulifika shuleni saa moja usiku. Kwa mkataba kazi ya dereva iliishia hapo, na yeye mwenyewe alikuwa macho tangu alfajiri. Wazazi wengi walikwisha kufika, lakini wasichana wawili wa kutwa walikuwa hawajachukuliwa. Dereva aliacha taa za gari zikimulika geti, akakaa nasi mpaka baba wa msichana wa mwisho alipofika na pikipiki, karibu saa mbili. Halafu akaniuliza naishi upande gani, akanishusha Soweto mlangoni kwangu bila kudai senti. Mtoto alikuwa bado macho mgongoni kwa bibi yake, kikohozi kimepungua.

Nikipima huduma yote kwa haki, dereva anastahili alama zote bila kupunguza hata moja. Gari tulilopewa lilikuwa safi, tairi zake nzuri, lakini mikanda mitatu iliyovunjika ni kasoro ambayo siwezi kuifidia kwa usafi. Bei ni ya wastani kwa hapa Moshi. Ofisi ndiyo iliyoshindwa: kwa taarifa za simu, kwa kubadilisha gari bila kutuuliza, na kwa ada ya hifadhi.

Jumatatu baada ya safari nilikwenda ofisini kwao na matroni, na meneja alitusikiliza hadi mwisho. Tuna safari nyingine mwezi Novemba, ya kwenda makumbusho yale tuliyoyakosa, na nimekubali kuwakodi tena kwa sharti la kumpata dereva yuleyule. Katika mkataba mpya ada zote za gari zimetajwa, mikanda itakaguliwa na mwalimu siku moja kabla ya safari, na gari likibadilishwa kwa sababu yoyote nipigiwe simu usiku huohuo, hata kama ni saa nane. Meneja aliuliza kama kweli nataka kuamshwa saa hizo nikiwa na mtoto mdogo. Nilimjibu kwamba ndiyo, na akatia saini.