Pampu Yenye Nguvu au Rejeta Kubwa?

Swali hili hurudi kila anapotokea mtu wa Arusha anayetaka kupoza kompyuta yake kwa maji, ilhali fedha alizonazo zinatosha kununua kimoja tu kilicho bora: pampu inayosukuma maji, au rejeta inayoyapoza.

Kwa upande wa ubaridi, hesabu inasema wazi. Kompyuta inayotoa joto la wati 300, maji yakipita kwa lita 2 kwa dakika, huyapandisha joto kwa takribani nyuzi 2. Yakipita kwa lita 4, huyapandisha nyuzi 1. Kuongeza kasi maradufu kumeokoa nyuzi moja. Rejeta ndiyo inayolimwaga joto hewani, na hapa Arusha mwinuko wa karibu mita 1,400 unatudai kidogo, kwa kuwa hewa nyepesi hubeba joto pungufu. Moshi, iliyo chini zaidi, ina hewa nzito kuliko yetu, lakini pia ina joto zaidi.

Rejeta kubwa, hata hivyo, hula nafasi, na mapezi yake (vibati vyembamba vya kutolea joto) hushika vumbi la kiangazi (nalo si haba), hivyo hudai brashi mara kwa mara. Pampu haina usumbufu huo, ila ikifa, maji husimama.

Kuhusu mipira ya kupitisha maji, kipenyo cha ndani cha milimita 10 au 13 hakibadilishi mengi. Kona kali nyingi ndizo zinazobana mtiririko, na hapo pampu dhaifu huumbuka.

Mwenye kasha la kompyuta finyu lenye kona nyingi aanze na pampu. Mwenye kasha pana, anayekerwa na kelele za feni, aanze na rejeta.