Fremu ya miwani ya nitinoli, nimeivaa miezi nane Kisumu

Hii fremu niliichukua kwa duka moja la miwani hapa Kisumu mjini, na kama uko na mtoto mdogo nyumbani nakwambia ni pesa imeenda mahali poa. Wangu alishika mkono wa miwani akaupinda mpaka karibu uguse kioo, akaachilia, ukarudi palepale na hakuna hata alama. Ni nikeli na titani karibu nusu kwa nusu, metali yenye inakumbuka umbo lake, ilitoka kwa maabara ya jeshi la majini la Marekani.

Sasa chenye muuzaji hakuniambia: inavumilia kunyooshwa kama asilimia 8 hivi, ukipita hapo hairudi yote. Mkono wa kushoto niliukalia kwa matatu ya Kondele, ukakunjika karibu na bawaba, nikapeleka kwa fundi akaukamata na plaisi akagonga, akagonga tena, na hapo ndio aliuharibu kabisa juu sasa ile sehemu imekuwa ngumu na haichezi. Ukiigonga sana, mpangilio wa atomu ndani unavurugika na kumbukumbu inafungwa. Kiwandani pia wanavuta waya kwa nguvu sana, lakini baadaye wanaichoma kwa joto la karibu digrii 500, chembe zinajipanga upya zikiwa ndogo ndogo na inatoka imara kuliko mwanzo. Jiko la makaa halipimi joto hivyo, tafadhali usijaribu.

Nilinunua mkono mpya tu. Fremu bado naipenda, lakini ikipinda vibaya usipatie mtu wa nyundo.