Milango ya slaidi ya barazani Arusha na Moshi: ipi inahimili vumbi na mvua ya huku

Mlango wa slaidi hufia chini. Kioo kinaweza kukaa miaka 30 kikiwa kizima, fremu ikabaki na rangi yake, lakini reli ikishajaa vumbi na rola zikaanza kusaga badala ya kuviringika, mlango unageuka ukuta wa kioo na watu wa nyumba wanazungukia mlango wa jikoni kwenda barazani. Ndiyo maana tathmini hii inaanzia chini na kupanda juu. Kwenye karakana nyingi mambo huenda kinyume: mteja akiingia anaonyeshwa kwanza rangi za vioo, na chini haulizwi wala haulizi.

Kwa mafundi aluminiamu wa Arusha na Moshi utakuta aina tatu. Ya kwanza ni nyepesi: kwa asili ni fremu ya dirisha iliyorefushwa, unene wa aluminiamu milimita 1.0 hadi 1.2, kila rola ina gurudumu moja la nailoni. Ya pili ni fremu nzito ya mlango hasa, unene wa milimita 1.4 hadi 2.0, rola za magurudumu mawili yenye beringi. Ya tatu ni ya kunyanyua: ukizungusha mkono wa mlango, paneli inapanda kidogo kutoka kwenye mpira wake na ndipo inatembea; ukiurudisha, inashuka na kukaa kwa uzito wake wote.

Tuseme mapema. Aina ya kwanza isikaribie baraza; iachwe madirishani ilikotoka. Aina ya tatu ni nzuri mno, inaziba upepo na vumbi kuliko zote na inabeba paneli kubwa, lakini ina vyuma vingi vya ndani ambavyo lazima uwe na uhakika wa kuvipata vikiharibika. Muuzaji asipokuwa na seti ya akiba ya kukuonyesha dukani, usiinunue. Kwa nyumba nyingi za Njiro, Sakina, Usa River au Shanty Town, aina ya pili ndiyo inayostahili pesa yako, mradi vipuri vyake vya chini viwe vya kweli.

Rola na reli

Anza na hesabu ya uzito. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Paneli yenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.2 ina mita za mraba 2.64. Ukiweka kioo cha milimita 6, kioo peke yake ni kilo 39.6, na ukijumlisha fremu ya paneli unakaribia kilo 47. Mzigo huo unakalia rola 2, kila moja kilo 23 na ushee, usiku na mchana, hata mlango ukiwa umefungwa. Gurudumu moja la nailoni likikaa chini ya mzigo huo linabonyea upande mmoja na kuwa bapa. Kuanzia hapo mlango unatembea kwa kugonga, na kila pigo linaumiza reli.

Omba rola uishike mkononi kabla ya kulipa. Iliyo nzuri ina magurudumu mawili yaliyofuatana ndani ya kasha moja, beringi yake imefunikwa pande zote, na ina skrubu ya kuipandisha na kuishusha. Izungushe kwa kidole: inapaswa kuzunguka kimya, muda mrefu, bila kuyumba. Ikikwaruza ikiwa mpya na safi, subiri uione ikishakula vumbi. Kisha uliza rola hizo mbili zimetengenezwa kubeba kilo ngapi, na namba hiyo ipite uzito wa paneli yako kwa nafasi ya kutosha. Fundi asiyeijua namba hiyo hajakupigia hesabu, amekukadiria kwa macho.

Skrubu ya kupandisha ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Sehemu zenye udongo mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, nyumba husogea kidogo na fremu hupoteza pembe zake. Paneli ikianza kuacha upenyo wa umbo la kabari pembeni, unapandisha rola ya upande ulioshuka kwa milimita 2 au 3 na mlango unarudi sawa. Hakikisha tundu la kufikia skrubu hiyo lipo ubavuni mwa paneli na halijafunikwa na mpira au silikoni.

Reli nayo. Aluminiamu ni laini kuliko chembe za vumbi letu la volkano. Sugua vumbi la Kisongo kati ya vidole viwili utausikia ukali wake. Likikaa kati ya gurudumu na reli tupu linafanya kazi ya msasa. Dawa yake ni utepe wa stenlesi unaovishwa juu ya reli kama kofia: gurudumu linatembea juu ya stenlesi, na utepe ukichoka unabadilishwa wenyewe bila kung'oa fremu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mlango mzima. Kama pesa imebana, acha kioo cha rangi, nunua utepe huu.

Na tafadhali msipake grisi. Grisi na mafuta ya injini vinashika vumbi na kutengeneza uji mweusi unaokula beringi haraka kuliko vumbi kavu. Reli inasafishwa kwa brashi ngumu na kitambaa chenye unyevu, kisha inapulizwa silikoni ya kopo inayokauka. Kiangazi fanya hivyo kila wiki 2.

Maji

Mvua ya masika ikipigwa na upepo lazima iingie kwenye njia ya reli. Hakuna mlango wa slaidi wa kawaida unaoizuia. Mlango mzuri unaikubali, kisha unaitoa. Inatoka kwa mashimo membamba yaliyokatwa upande wa nje wa fremu ya chini, kila moja urefu wa milimita 25 hadi 30 na kimo cha milimita 5 hivi, angalau 2 kwa kila paneli. Pawepo pia matundu kati ya reli ya ndani na ya nje, la sivyo maji ya njia ya ndani hayana pa kwenda isipokuwa sebuleni.

Makosa yanayoleta maji ndani ni yaleyale kila nyumba. Fundi wa vigae anaziba mashimo kwa saruji akimalizia ukingo wa baraza. Fundi aluminiamu anazungushia silikoni nje kote, na mashimo yamo ndani ya hiyo silikoni. Baraza limeinuliwa likawa sawa na sakafu ya sebule, kwa hiyo mashimo yanatazama kigae badala ya hewa. Sakafu ya nje iwe chini kwa milimita 50 na iteremke kwenda nje kwa sentimita 2 kwa kila mita. Ukitaka sakafu mbili ziwe sawa, kata mfereji wenye wavu wa chuma mbele ya mlango kabla vigae havijawekwa, na uupe bomba la kutolea maji. Mwisho, kuna fremu zinazofungwa kichwa nyuma, ukingo mrefu ukawa nje na mfupi ndani. Ukingo mrefu ni wa ndani, daima.

Kosa jingine ni la keekee. Fundi anatoboa sakafu ya reli na kuingiza skrubu na fisha (plastiki ya kushikia skrubu) hadi kwenye zege, kisha anaondoka. Kila tundu ni bomba dogo la kupeleka maji chini ya vigae. Miezi michache baadaye lipu ya pembeni mwa mlango inatoka chumvi nyeupe na rangi inabanduka, na watu wanalaumu paa. Fremu ya chini ilazwe juu ya silikoni au saruji iliyojaa bila mapengo, ifungwe zaidi kwa ubavuni, na penye ulazima wa skrubu chini, silikoni iingie tunduni kwanza, kisha ifunike kichwa chake.

Vipimo

Usikubali paneli zikatwe kabla ya lipu kumalizika na usawa wa sakafu ya mwisho kuchorwa ukutani. Upana unapimwa juu, katikati na chini. Urefu kushoto, katikati na kulia. Halafu pembe kwa pembe mara mbili. Kwa upana na kwa urefu, chukua kipimo kidogo kuliko vyote, toa milimita 10. Vipimo viwili vya pembe kwa pembe vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5, ukuta urekebishwe kwanza, usitegemee silikoni kuficha. Juu acha nafasi ya milimita 8 hadi 10 ijazwe povu au mpira, kwa sababu linta (boriti ya zege juu ya mlango) ya mita 3 inaendelea kushuka taratibu miezi kadhaa baada ya mbao kutolewa. Ikiikalia fremu, mlango uliokuwa unateleza kwa kidole utahitaji bega.

Fremu ikishafungwa, funika reli kwa ubao hadi siku ya mwisho ya ujenzi. Toroli moja la zege likipita juu yake linatosha kuiharibu. Na plastiki ya kinga isibanduliwe mapema, maana saruji na chokaa mbichi vinaunguza aluminiamu na kuacha mabaka yasiyotoka.

Kioo, jua na wezi

Kioo cha kawaida cha milimita 5 mlangoni ni hatari, tusizunguke. Kikivunjika kinatoa mapande marefu yanayokata kama panga, na watoto hukimbilia milango ya kioo wakidhani iko wazi. Chukua kioo cha tempa cha milimita 6, kile kilichochomwa na kupozwa ghafla, kinachovunjika vipande vidogo vidogo. Kina alama ya kudumu iliyochorwa kwenye kona. Hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kuchomwa, kwa hiyo fundi anayekuambia atapunguza kidogo kikifika hana kioo cha tempa. Kioo cha lamineti cha milimita 6.38, vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando, kikivunjika kinabaki mahali pake, na kinamchelewesha mwizi kuliko tempa. Kwa mlango wa chini ulio upande wa giza wa nyumba, lamineti ndiyo chaguo letu.

Vioo viwili vyenye hewa katikati si lazima kwa hali ya hewa yetu. Ukivitaka, uliza vilizibwa wapi. Kioo kilichozibwa usawa wa bahari kikiletwa Arusha, mita 1,400 hivi, kinakuta hewa ya nje imepungua msukumo kwa karibu asilimia 15. Hewa iliyofungwa ndani inakisukuma, kinatuna kama shavu, picha zinapinda na mpira wa kingo unachoka mapema.

Kuhusu joto, bahati yetu ni kwamba mlima uko kaskazini, Meru kwa Arusha na Kilimanjaro kwa Moshi, na kila mtu anataka kuutazama. Mlango unaotazama kaskazini unapigwa na jua la adhuhuri hasa mwezi wa Juni, na hata wakati huo jua liko juu nyuzi 63. Paa la baraza lililotoka mita 1.2 linaangusha kivuli cha mita 2.3 hivi, mlango mzima. Kwa hiyo kioo cheusi upande wa mlima kinakunyima mandhari bila kukupa kitu. Upande wa magharibi ni kesi nyingine, na zaidi kwa Moshi: hapo jua la saa kumi linaingia chini ya paa lolote, na kioo cha rangi, pazia la nje au mti vina maana.

Kwa usalama, paneli inayotembea ikae reli ya ndani. Juu yake pawe na vizuizi vya kuzuia isinyanyuliwe, kwani paneli isiyo navyo watu wawili wanaing'oa relini kwa bisibisi bila kuvunja chochote. Komeo liwe la ndoano mbili zinazoshika juu na chini. Ukiweka grili, iamuliwe kabla ya fremu, ili mkono wa mlango usigonge nondo. Neti ya mbu inahitaji reli ya tatu. Ukiisahau leo, kesho utafungiwa kifremu cha nyongeza kwa skrubu, na hakitakaa sawa.

Siku ya kupokea

Bakiza angalau asilimia 10 ya malipo. Sukuma kila paneli kwa kidole kimoja kutoka mwisho hadi mwisho. Simama nje, kandamiza kiganja katikati pale paneli mbili zinapopishana: pakipinda waziwazi, fremu ni nyembamba kuliko uliyolipia. Fundi awe amekuachia kipande kilichokatwa, ukipime unene kwa kalipa, si kwa rula. Mwaga lita 5 za maji polepole kwenye njia ya reli, mlango ukiwa umefungwa. Yaanze kutoka nje papo hapo, na ndani kitambaa kikavu kilichotandikwa ukingoni kibaki kikavu. Mwisho mwombe ang'oe paneli moja na kuirudisha mbele yako. Akitumia zaidi ya dakika chache, au akitafuta nyundo, pesa iliyobaki isitoke mfukoni.