Tazara, Dar mpaka Zambia: usilale Mlimba

Mimi ni wa Nakuru, nimekulia karibu na stesheni, na babu alikuwa anatuambia vile walikuwa wanapanda treni hapo hapo, wanapita Timboroa na ile baridi ya futi 9,000, Malaba mnavuka, mpaka Kampala. Baadaye hapo ilibaki mizigo tu. Hiyo hamu ndiyo ilinitoa nyumbani 2019, nikapande Tazara, reli ya Tanzania na Zambia. Basi la kwenda Dar silitaji, kiti kilikuwa kimevunjika mgongo, tuwachie hapo.

Dar usiende stesheni ya katikati ya mji, ya Tazara iko kivyake barabara ya Nyerere. Nilikata daraja la kwanza, vitanda vinne kwa chumba, la pili ni sita. Wanaume kwao wanawake kwao, so kama mko bwana na bibi nunueni chumba kizima. Jioni hiyo hiyo mnakatiza hifadhi ya wanyama ya Selous ya zamani, tuliona twiga bila kulipa geti!

Lakini pesa yako inarudi pale Mlimba mpaka Makambako. Treni inapanda kutoka bonde la Kilombero, mahandaki ni 22 njia nzima na mengi yako hapo tu, unatoka giza unaingia daraja, na lile la mto Mpanga limesimama kwa nguzo za mita kama 50, nilichungulia chini mara moja nikarudisha kichwa ndani. Tulikuwa nyuma ya muda ndio tukapapita jua limetoka, sijawahi kushukuru kuchelewa hivyo. Wachina walijenga hii kitu 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860. Makambako ni baridi ya Molo kabisa, beba sweta.

Chumbani kulikuwa na mzee wa Mbeya, kila nikisema "chakula iko wapi" anacheka, ananirekebisha, tukaenda hivyo mpaka akashuka kwao.

Mpakani tulikaa tu ndani. Tunduma waliingia maafisa wa Tanzania na muhuri, Nakonde wa Zambia, na kati yao vijana wa kubadilisha pesa wenye mabunda ya kwacha, jua bei kabla na uhesabu mwenyewe. Saa unarudisha nyuma moja.

Tishu na maji beba za kutosha. Na ukifika Kapiri Mposhi, mwisho wa reli, usiku, lala kwanza, Lusaka bado ni kama Nakuru kwenda Kisumu.