Kamera ya kununua ukiwa Lamu: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Muuzaji wa kamera, awe wa Nairobi au Mombasa, ataanza na megapikseli. Mwache amalize, kisha umuulize yale yanayoamua mambo huku kwetu: chumvi, mchanga na kivuli. Kwenda Mokowe au Manda ni kwa chombo, na maji yatakurukia. Halafu nusu ya picha utakazozitamani ziko vichochoroni, ambako saa sita mchana jua limepiga ncha ya ukuta na chini ni giza tupu. Weka kanzu nyeupe na buibui jeusi katika picha moja: kamera dhaifu itaunguza kanzu, au itageuza buibui kuwa doa.

Nimepanga hapa nikimfikiria mtu mwenye kama shilingi elfu arobaini, anayetaka picha za safari na za maisha ya kila siku. Mpiga picha wa harusi ana hesabu zake.

Ya kwanza: simu nzuri iliyotumika

Simu mpya ya bei hiyohiyo siipendekezi. Mara nyingi huja na kamera tatu mgongoni, na yenye kazi ni moja. Chukua iliyokuwa ya daraja la juu miaka michache nyuma: Google Pixel 6 au Samsung Galaxy S21, zote za 2021, au iPhone 11 ya 2019. Hizi zinajua kupiga usiku na zina kinga ya maji ya kiwango cha IP68. iPhone SE ya 2020 iache hata ukipunguziwa bei, kwani haina hali ya usiku, na vichochoro vyetu baada ya magharibi vitakushinda.

Nimeiweka juu pia kwa sababu ya watu. Wazee walioketi uwanjani Mkunguni ukiwaelekezea lenzi kubwa, hata kwa ruhusa yao, kofia zinarekebishwa na mazungumzo yanakatika. Simu wao huisahau upesi. Salamu na ruhusa zibaki palepale, hasa kwa akina mama. Udogo wa simu si kibali cha kuiba sura ya mtu.

Dukani, piga *#06# ulinganishe namba itakayotokea na ile ya kwenye boksi. Akaunti ya mwenye simu wa zamani iondolewe mbele ya macho yako, usikubali ahadi ya kesho. Kisha uliza: kioo kimewahi kubadilishwa? Fundi akifungua simu, gundi inayozuia maji hukatika, na asipoweka nyingine ya sawasawa, IP68 imebaki jina. Pitisha ukucha taratibu ukingoni mwa kioo. Ukinasa kwenye upenyo, au ukiona gundi imefurika kando, ihesabu simu hiyo kuwa haina kinga kabisa na ushushe bei. Elekeza kamera kwenye taa ya duka pia: mwanga ukitapakaa picha nzima, kioo cha lenzi kimechubuka.

Hata simu nzima isikutie kiburi. Vipimo vya IP68 hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Ikirukiwa na maji ya bahari wakati wa kusi, ipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, iache ikauke kabisa, ndipo uichaji.

Ya pili: DSLR ndogo iliyotumika, na lenzi moja tu

DSLR ni kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Ikiwa unataka kujifunza kazi yenyewe, au kuchapisha picha kubwa za kutundika ukutani, ruka simu uje hapa. Canon 200D ya 2017 inatosha, na Nikon D3500 ya 2018 vilevile. Sensa ya Canon hiyo, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni milimita 22.3 kwa 14.9, kubwa mara kadhaa kuliko ya simu, kwa hiyo uso wa mtu aliyekaa ndani ya daka lenye kivuli hautoki na chengachenga.

Utasukumiwa lenzi ya 50 mm f/1.8 kwa kuwa bei yake ni nafuu na inafifisha mandhari ya nyuma. Kwa mji huu sikushauri. Juu ya Canon hii, 50 inaona kama 80, yaani eneo jembamba zaidi. Utarudi nyuma ili upate mlango wa nakshi mzima, na mgongo utagonga ukuta wa jirani kizingiti cha juu hakijaingia. Tafuta EF-S 24 mm f/2.8, bapa, yenye gramu 125. Upande wa Nikon ipo 35 mm f/1.8 DX, ndefu kidogo lakini inavumilika. Hakikisha imeandikwa AF-S, yaani yenye mota yake, maana D3500 haina mota ya kufokasi ndani yake, na lenzi za zamani za AF-D utazizungusha kwa mkono. Ukiwa na lenzi moja huna cha kubadilisha, na kubadilisha lenzi ufuoni Shela upepo ukivuma ni kuukaribisha mchanga kwenye sensa.

Adui mkubwa wa lenzi za pwani ni kuvu. Ichomoe lenzi, imulike kwa tochi ya simu kwa upande, utazame kwa nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, irudishe mezani, kwani kuvu ikishauma kioo alama haitoki. Kisha piga picha ya mbingu kwa f/22, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, na uikuze: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa. Nikon huandika idadi ya picha ilizopiga ndani ya faili la kila picha, hivyo omba faili ulisome kwenye kompyuta. Nyumbani iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Ya tatu: kamera ya michezo

Hii ni ya mabaharia na waogeleaji. GoPro HERO9 ya 2020 inazama mita 10 bila kifuko, na kioo cha mbele kikichubuka unabadilisha hicho peke yake. Kwenye HERO8 hakitoki. Kwa mashindano ya majahazi haina mpinzani. Usiku haina kazi.

Ya mwisho: kamera ndogo za mfukoni

Vijana wamezirudia kwa ajili ya rangi zake za zamani. Lenzi inayochomoza ikiingiwa na mchanga itakwaruza, itagoma, na kuitengeneza kutakugharimu kuliko bei yake.

Droni sikuipanga. Kanuni za 2020 zinaitaka isajiliwe na kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo ya mlango wa bahari tu.

Chochote utakachochagua, kama kinatumia memori kadi, ipime kwa H2testw, programu ya kompyuta, kabla ya kuiamini. Kadi bandia hujiandika GB 128 huku ndani mna sehemu ndogo tu, na picha zinazozidi hupotea kimyakimya. Ikionekana pungufu, irudishe siku hiyohiyo pamoja na risiti.