Boksi la michemraba kutoka Kibuye: uzoefu wangu wa kupima mikono baada ya kiharusi

Boksi hili nilichongewa na fundi wa Kibuye, hapa Kisumu, na nimelitumia miezi mitano. Ni la mbao, lina ukuta katikati na michemraba 150. Mgonjwa anavusha mmoja mmoja juu ya ukuta kwa sekunde 60, nawe unahesabu.

Linafaa, ila lipime kabla ya kuliamini. Kwa vipimo sanifu boksi ni sm 53.7 kwa 25.4, ukuta una kimo cha sm 15.2, kila mchemraba sm 2.5 pande zote. Langu lilikuja na ukuta wa sm 13. Sentimita mbili hizo si kitu kwa fundi, lakini mtu ambaye bega halijainuka sawasawa anauvuka kirahisi, na hesabu inapanda ilhali mkono uko vilevile. Fundi aliubadilisha. Kingo nazo zipigwe msasa mpaka ziwe laini kabisa: mkono wenye ganzi hausikii kibanzi kikiingia. Vanishi inayong'aa ikatae. Kwa joto la Kisumu vidole vinatoa jasho na michemraba inateleza.

Kwa mgonjwa, weka boksi katikati ya kifua chake, michemraba yote upande wa mkono unaopimwa. Anza na mkono usioathirika, umpe sekunde 15 za kujaribu. Mimi husema hivi: "Baba, mmoja mmoja. Vidole vivuke ukuta ndipo uachie." Akiurusha mchemraba kabla vidole havijavuka, usihesabu. Akibeba miwili, hesabu mmoja. Mchemraba ukishavuka kisha ukaanguka sakafuni, unahesabiwa, basi mwambie mapema asiuinamie. Wengi huinama, na sekunde zinapotea. Mtazame kiwiliwili pia. Akilaza mwili mzima badala ya kunyoosha kiwiko, andika hivyo kando ya namba, maana namba pekee haitakuonyesha.

Boksi liliteleza mezani. Kata ndara kuukuu vipande vinne, gundisha chini.

Jambo linalonisumbua zaidi ni jinsi familia zinavyoisoma namba. Kutoka 14 hadi 17 kunawafurahisha, nami sitaki kuwavunja moyo, ila mabadiliko madogo hivyo huja hata kwa siku nzuri tu. Michemraba 6 au zaidi ndiyo naanza kuiita maendeleo.

Halipimi kufunga vifungo wala kushika sindano. Kwa hayo tumia ubao wa vijiti tisa, ambavyo mgonjwa huvichomeka matunduni na kuvichomoa huku ukipima muda. Tena mkono usiofunguka utapata sifuri leo na sifuri mwezi ujao, hata kama kidole gumba kimeanza kuamka. Kwa mkono huo naliacha boksi kando na kutumia Fugl-Meyer, kipimo cha mwendo baada ya kiharusi, chenye alama 66 kwa mkono wote kuanzia bega hadi vidole, kwa sababu chenyewe hutoa alama hata kwa vidole vinavyojikunja nusu.