Bushi peke yake au mkono mzima?

Gari la familia lenye injini kali likianza kugonga "ko!" mbele kila unapokanyaga breki, usikimbilie kulaumu shokapu. Lipandishe kwa jeki, liegemeze kwenye stendi, ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na fremu) na fremu yenyewe, kisha sukuma taratibu. Mpira ukiachana na chuma, au ufa ukafunguka kama mdomo, mgonjwa ni bushi, yaani kile kipande cha mpira na chuma kinachoshika mkono kwenye fremu.

Bushi peke yake ina bei nafuu, ila kazi yake ni ndefu: ya zamani itolewe kwa presi, mpya iingie ikielekea upande uleule. Ukiipiga nyundo, umeiharibu kabla haijaonja barabara. Zipo pia za poliyurethani, plastiki ngumu kuliko mpira. Usukani unaitika haraka, lakini kelele na mtikisiko vitawafikia watoto waliolala nyuma.

Mkono mzima huja na bushi zake, na mara nyingi boljointi pia, kile kiungo cha duara kinachoshika mkono upande wa gurudumu. Kwa gari lililotembea sana mimi nachagua huu, maana boljointi nayo haiko mbali kufa. Bushi tupu naiweka pale tu boljointi ikiwa bado imekaza na mkono haujapinda.

Vyovyote utakavyochagua, bolti za bushi zikazwe gari likiwa limebeba uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umesokoteka na utachanika mapema. Halafu fanya alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu, hata kama usukani unaonekana umenyooka.